Gari la Viti Viwili

Mke wangu Attracta bado yuko kwa mama yake. Naanza na hilo ili msomaji mwenye haraka alijue mapema, aendelee na shughuli zake.

Kwa ambaye hakunisoma hapa gazetini juma lililopita: nilimpakia ndama mchanga kwenye kiti cha nyuma cha gari letu, mvua inanyesha, mama yake ndama ananitolea macho. Ndama akafanya kile ambacho ndama hufanya. Alikifanya juu ya koti jipya la mke wangu, ambalo hakuwa amelivaa hata mara moja. Nikalifuta kwa gunia. Gunia lilikuwa la mbolea.

Attracta hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alilishika lile koti kwa vidole viwili akasema, "Malachy, hili ni gari au ni zizi? Chagua."

Kisha akafunga sanduku lake akahamia kwa mama yake, Delia, upande wa pili wa mlima. Nilimpeleka mwenyewe, maana gari tunalo moja. Njia nzima alikaa kando yangu madirisha yakiwa wazi, kwa sababu ya harufu.

Chagua, alisema. Mwanamume mwenye akili angekwenda nyumbani akaosha kiti.

Mimi nilichagua.

Lawama ya kwanza nampa Packie Joe Bohan, jirani yangu. Yeye nusu ya maisha yake ameimaliza akiwa ameegemea lango langu, na hiyo nusu nyingine anaegemea lake akitazama kwangu. Nilimweleza yaliyonipata, akatikisa kichwa kwa huruma ya daktari.

"Tatizo lako si ndama, ndugu yangu," akasema. "Tatizo lako ni kiti. Kama kusingekuwa na kiti, ndama angechafua nini?"

Niliyatafuta makosa katika maneno hayo nisiyaone. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne, na nadhani somo la makosa ya namna hiyo lilikuwa mwaka uliofuata.

Hapa kwetu Leitrim, mkulima akichoka kulipia gari la familia kodi ya gari la familia, huligeuza kuwa gari la shamba. Kiti cha nyuma kinang'olewa na mikanda yake. Mashimo ya kukifungia yanachomelewa yasifunguke tena. Sakafu inalazwa bati kutoka mgongoni kwa dereva mpaka mlango wa nyuma, na madirisha ya nyuma yanazibwa. Mkaguzi anakuja, anagonga bati kwa kidole, anatia saini. Tangu hapo ni chombo cha kazi. Kina kiti cha dereva na kiti cha mtu mmoja kando yake, basi.

Kwa sheria, chombo cha kazi hakiendi kanisani. Ndiyo maana ukipita nje ya kanisa letu Jumapili utakuta kila gari lina gunia la chakula cha ndama nyuma. Polisi akiuliza, tulikuwa tunakwenda kulisha ng'ombe, tukashikwa na hamu ya kusali.

Nikaona mambo yote yamekaa vizuri. Attracta angerudi akute hakuna kiti cha kuchafuka. Ugomvi ungekwisha kwa sababu kitu cha kugombania hakipo. Mnaweza kucheka, lakini niliona ni jambo la mapenzi.

Nikalipeleka gari kwa bwana Sylvie Mulvey.

Sylvie ni fundi wa kuchomelea, na hana kasoro ila moja: hajui kuacha. Aliwahi kupelekewa lango la kanisa lililolegea bawaba. Alipolirudisha, ilibidi waumini waingie kwa mlango wa pembeni kwa mwezi mzima.

Alilizunguka gari langu kama mtu anayenunua farasi. "Nichomelee kiasi cha kumridhisha mkaguzi," akaniuliza, "au kiasi changu mwenyewe?"

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Lakini Packie alikuwepo, na mbele ya Packie mimi huwa nakuwa mtu mkubwa.

"Kiasi chako," nikasema.

Sylvie akavaa kinyago chake huku anatabasamu. Packie akakibeba kiti cha nyuma kwenda nacho kwake, akasema atakitunza. Nami nikakaa juu ya ndoo nikitazama cheche zikiruka, nikijisikia mtu aliyeyashika maisha yake mkononi.

Mkaguzi alipokuja aligonga bati, akapiga magoti, akachungulia, akasema hajawahi kuona kazi imara namna ile. Ulikuwa mtihani wa kwanza niliofaulu maishani. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Simu ikalia kabla sijavua viatu.

"Ni mimi," Attracta akasema.

Nikakaa chini.

"Nimefikiri," akasema. "Jumapili hii ni Jumapili ya Makaburi. Mama anataka kwenda kwenye kaburi la baba, na miguu yake haimchukui. Njoo utuchukue sisi wawili. Padri akimaliza kubariki makaburi, tutarudi wote nyumbani. Kwetu, Malachy. Mama atakaa na sisi mpaka apate nafuu."

Nilitaka kusema neno zuri. Akanitangulia.

"Sitaki maua," akaendelea. "Na maneno yako pia sitaki, nayajua. Nataka kitu kimoja. Nataka nimwone mama amekaa kwenye kile kiti cha nyuma, kimeoshwa, anapumua kama binadamu. Nikiliona hilo, yamekwisha. Nisipoliona, sanduku langu litabaki huku. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Umekiosha?"

"Hutaona doa hata moja," nikasema.

Na hakika asingeona.

Nikarudi kwa Sylvie mbio. Nikamwomba anirudishie kiti mahali pake. Alinitazama kama mzazi aliyeambiwa amrudishe mtoto alikotoka.

"Malachy," akasema taratibu, "yale mashimo hata mimi mwenyewe siwezi kuyafungua. Nimeyachomelea wajukuu wako waje kuyakuta."

Nikaenda kwa Packie nikachukue walau kiti chenyewe, labda ningekiegesha pale nyuma na kukifunga kamba. Packie akanipeleka bandani kwa kunyata, kidole mdomoni. Kiti changu kilikuwa kwenye kona, juu ya nyasi kavu, na katikati yake alikuwa amekaa kuku mwekundu wa Packie, ameatamia.

"Huyu hajawahi kuatamia mahali popote," Packie akaninong'oneza. "Ni kiti kizuri sana, ndugu yangu. Ukimwondoa sasa mayai yote yanakufa. Utabeba dhambi hiyo?"

Kuku akanitazama kwa jicho moja. Nikatoka.

Basi niazime gari la mtu. Nikapita lango baada ya lango, kofia mkononi, na hapo ndipo nilipojua nchi ninayoishi. Lile lina viti viwili. Hili viwili. Lile jingine lina kimoja, cha pili mbwa amekila. Vijiji vyote vya kwetu, mtu na mkewe wanakaa mbele, na wengine wote waliozaliwa katika nyumba hiyo hutembea kwa miguu. Miaka yote naishi hapa sikuwahi kuliona. Gari pekee lenye kiti cha nyuma ni la mwalimu mkuu, naye alikuwa amekwenda nalo likizo.

Mtasema ningekwenda safari mbili. Nililiwaza hilo. Lakini mke wangu hakuomba safari, aliomba kuona kiti.

Nikabaki na Ambrose Tiernan.

Ambrose ana baa, ana duka la vifaa vya ujenzi, na ana biashara ya mazishi, vyote chini ya paa moja. Unaweza kuingia kwake ukanunua misumari, ukanywa bia, ukaagiza jeneza, na usilowe mvua hata tone. Na nyuma ya jengo ana gari la wafiwa: refu, jeusi, viti vya ngozi, linakalisha watu saba.

"Kulifanyia nini?" akaniuliza.

"Kumchukua mama mkwe."

Akavua miwani yake polepole. "Pole sana, Malachy. Sikusikia."

"Mzima," nikasema. "Mzima kabisa. Anakwenda makaburini kwa matembezi."

Alifikiri muda mrefu akinifutia meza niliyokuwa sijaichafua. Akakubali, kwa sharti moja: mtu akifa kabla ya Jumatatu, gari linarudi papo hapo, popote nilipo.

"Kuna mtu yuko hali mbaya?"

"Hughie McGourty tu, wa kule juu."

Nikashusha pumzi. Hughie McGourty yuko hali mbaya tangu nikiwa mvulana. Amewazika madaktari wawili.

Nikamwachia Sylvie gari langu kwenye banda lake. Nikamwambia alifunike, lisionekane na mtu mpaka Jumatatu, ambapo mke wangu atakuwa amesharudi, amekunywa chai, na nimempa habari kidogo kidogo. Sylvie akaapa. Akasema nihesabu limezikwa.

Jumapili nikavaa suti yangu, ambayo ni nyeusi kwa sababu niliinunua kwa ajili ya kumzika baba. Nikalisugua lile gari mpaka likang'aa. Nikavuka mlima polepole, nikasimama mbele ya nyumba ya Delia.

Delia alikuwa mlangoni, amevaa kofia yake, ameegemea fimbo zake mbili. Akalitazama gari. Akanitazama mimi na suti yangu. Akageuza kichwa ndani.

"Attracta," akaita, bila wasiwasi wowote, "wamekuja kunichukua. Waambie sijamaliza chai."

Attracta akatoka. Alikuwa na sanduku mkononi, na moyo wangu ukaruka kwa kuliona, maana sanduku lilikuwa linatoka nje, haliingii ndani.

Kisha akasimama.

"Gari letu liko wapi?"

"Linafanyiwa kazi," nikasema. "Upande wa nyuma."

"Ndama?"

"Limefanyiwa kazi kubwa. Sikutaka mama akae mahali penye harufu. Nikataka asafiri kwa heshima."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Yalitoka yenyewe, yamenyooka, na kila neno likichukuliwa peke yake lilikuwa na ukweli wake. Attracta akalizunguka gari. Akafungua mlango wa nyuma, akapapasa ile ngozi kwa kiganja, akanusa.

"Yaani," akasema, "umeazima gari la wafiwa, kumpeleka mama yangu makaburini."

"Linakalisha watu saba."

Mdomo wake ukatetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mlango, na alipomaliza akajifuta macho akasema, "Wewe bwana ni mjinga sana," kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia kabla hatujaoana, nilipokuwa nampeleka dansi kwa trekta.

Akampandisha mama yake nyuma. Akaweka sanduku. Akaja akakaa kando yangu.

Wasomaji, nilikuwa nimeshinda. Kama ningekuwa na akili ningeendesha moja kwa moja mpaka baharini.

Barabara ya kwenda makaburini siku ile hujaa watu, maana kila ukoo una wake pale. Gari la kwanza tulilokutana nalo likapisha pembeni likasimama. Dereva akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba. La pili hivyo hivyo. Mzee mmoja aliyekuwa anatembea akapiga goti kwenye majani yenye maji. Na nyuma yetu hakuna aliyethubutu kutupita, kwa hiyo kila gari lililokuwa linakwenda kule likajipanga, taa zimewashwa, mwendo wa kobe.

"Nani amekufa?" Delia akauliza kutoka nyuma.

"Hakuna, mama," nikasema.

"Mbona wananiombea?"

"Wamekosea."

Akatazama nje. "Waache waombe," akasema. "Nikifa hawatakuja wote hawa." Akaanza kuwapungia mkono.

Attracta alikuwa amejiziba mdomo kwa leso. Mabega yanaruka. Sikumbuki lini mara ya mwisho tulikuwa na furaha namna ile katika gari lolote.

Pale getini ikawa mapokezi. Watu wakaja kwangu mmoja mmoja, mkono mbele, sauti ya chini. Pole kwa msiba, Malachy. Pole sana. Alikuwa mama mwema. Nikajaribu kueleza, lakini mstari wa kutoa pole ukishaanza kwetu hausimamishwi na mtu yeyote, hata maiti mwenyewe. Mama mmoja, Concepta, alikuwa ameshatoa machozi mengi. Akafungua mlango wa nyuma ili aione familia, akamkuta Delia anamenya peremende.

"Unataka moja?" Delia akamuuliza.

Concepta alikasirika kama mtu aliyeibiwa. Hajanisemesha mpaka leo.

Tukamtoa Delia, tukamweka kwenye kiti cha kukunja kando ya kaburi la mumewe. Padri akaanza, watu mia wakijibu kwa pamoja, upepo ukipeperusha maneno. Alikuwa anapita kaburi kwa kaburi na maji yake ya baraka. Attracta alisimama karibu yangu. Halafu, bila kunitazama, akaingiza mkono wake katika mfuko wa koti langu, alivyozoea kufanya tukisimama mahali pa baridi.

Nikasema moyoni, Mungu, asante, sitaomba tena kitu.

Ndipo nikasikia mngurumo. Kila mkulima huujua mngurumo wa gari lake kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe.

Sikugeuka. Nilidhani nisipogeuka litapita.

Likaingia getini. Lilikuwa limeoshwa, madirisha yake ya nyuma yamezibwa, weusi mtupu, na kwa uzito limekaa chini kama bata anayetaga. Sylvie alikuwa kwenye usukani, ameng'aa usoni. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa amekaa nalo bandani siku zote hizo, analifunua na kulifunika, mpaka uvumilivu ukamwishia. Kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuna jicho la kuiona. Akajipa sababu: watu huhitaji changarawe nyeupe za kupambia makaburi, na hapa kuna gari la kubebea. Akapakia magunia ya changarawe mpaka juu, akaja kuwafaidisha watu wa Mungu.

Wanaume wakaanza kuiacha sala mmoja mmoja. Packie alikuwa wa kwanza. Wakalizunguka, wakafungua mlango wa nyuma, wakagonga bati, wakaguna kwa heshima.

"Malachy," Sylvie akaita juu ya makaburi, "njoo uwaambie mkaguzi alisema nini."

Mkono ukatoka mfukoni mwangu.

Attracta akatembea kuelekea kule. Hakwenda haraka. Watu wakampisha, na mimi nikamfuata nyuma kama mbwa aliyekula yai. Akasimama mbele ya mlango wa nyuma ulio wazi. Akatazama ndani muda mrefu: bati, magunia, giza.

"Kiti kiko wapi?"

Nikamtazama Packie. Packie akatazama viatu vyake.

"Kwa Packie," nikasema.

"Kinafanya nini kwa Packie?"

"Kuku anakipenda sana," Packie akasema, na nadhani alikuwa anajaribu kunisaidia.

Attracta akaingiza mkono, akagusa pembeni, pale ambapo mkanda wa kushoto ulikuwa umefungwa. Palikuwa na kovu la chuma, laini kama jiwe la mtoni.

"Ule mkanda wa huku," akasema, "Dervla aliutafuna alipokuwa anaota meno. Ulikuwa umechanika nyuzi nyuzi hapa mwisho. Kila Jumapili mama akipanda anaushika ule mwisho, anaupapasa mpaka tufike kanisani. Ulikuwa unajua?"

Dervla ni binti yetu. Yuko Australia mwaka wa nne sasa, anauguza wagonjwa, na kwa simu huwa tunamkuta amechoka.

Sikuwa najua. Mimi huwa natazama barabara.

"Nilitaka kukufurahisha," nikasema. "Nilidhani kusipokuwa na kiti..."

"Hesabu, Malachy. Wewe ungekaa pale. Mimi pale. Mama angekaa wapi?"

Upepo ulikuwa umetulia. Padri mwenyewe alikuwa amesimama na kibuyu chake cha maji ya baraka, anasubiri jibu.

"Sikumfikiria," nikasema. "Nilimfikiria ndama."

Nilikuwa nimedanganya kwa ustadi tangu ile simu, na neno la kweli nikalitoa mbele ya watu wote na marehemu wao.

Attracta akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa matokeo aliyokwisha kuyajua. Akanyoosha kiganja kwa Sylvie. Sylvie, ambaye hana ubishi na wanawake, akampa ufunguo.

Attracta akaenda akamwinua mama yake. Delia akalitazama gari juu na chini.

"Hili lina mlango mzuri," akasema. "Lile la Ambrose lilinipinda kiuno."

Binti yake akampandisha kiti cha mbele. Akamfunga mkanda. Akaenda kwenye lile gari jeusi, akatoa sanduku lake, akalitupa juu ya magunia ya changarawe, akafunga mlango wa nyuma. Akaketi kwenye usukani. Viti viwili, watu wawili. Gari lilijaa sawasawa, kama vile nililitengeneza kwa ajili yao.

"Attracta," nikasema dirishani, "unakwenda wapi?"

Akafunga kioo. Hakukifunga kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Na changarawe zangu?" Sylvie akauliza, lakini walikuwa wameshaondoka.

Nikageuka nilikimbilie gari la wafiwa niwafuate. Ambrose Tiernan alikuwa amesimama kando yake, kofia kifuani, uso wa kazi.

"Hughie McGourty," akasema. "Saa hii hii. Nipe ufunguo, Malachy."

Nikampa. Ningefanya nini? Nilikuwa nimeahidi.

Basi nikakimbia kwa miguu mpaka getini. Kutoka pale barabara inateremka mpaka njia panda. Ukipinda kushoto unakwenda kwetu. Ukipinda kulia unapanda mlima kwa Delia. Gari langu lilikuwa limeshafika pale chini, limesimama. Nikatazama madirisha nione hata kichwa kimegeukia wapi. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa pesa yangu. Nikatazama taa za nyuma, nione inayowaka ni ya kushoto au ya kulia.

Hakuna iliyowaka.

Sylvie alikuwa amefika kando yangu, anahema.

"Mbona haonyeshi anakopinda?" nikamuuliza.

Akajikuna shingo. "Zile nyaya za nyuma," akasema, "zilipita pale pale pa kuchomelea. Nikazikata. Nilipanga kuziunga Jumatatu."

Barabara ilikuwa tupu pande zote. Hapakuwa na gari la kusubiri, wala ng'ombe anayevuka, na bado lile gari limesimama pale njia panda, linanguruma, haliondoki.

Nikaanza kukimbia kuteremka, suti ya mazishi inapepea. Nilikimbia kama sijawahi kukimbia tangu nitoke shule, na nilikuwa nimelikaribia kabisa, nimeshanyoosha mkono nigonge bati la Sylvie, nilipokumbuka kwamba hata wakinifungulia, hakuna mahali pa kukaa.

Mkono wangu ukabaki hewani.